Unga Mweusi wa Bwana Klementi

Mwanangu Erasto,

Umekwenda Ihembe kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka umekula ushibe, kwa hiyo nina mchana huu wote. Nimekaa mlangoni mwa ghala la kahawa, mahali ninapoweza kuiona barabara na kumwona pia Bwana Klementi, ambaye amelala chali chini ya lori lake, anagongagonga kitu. Amegonga tangu asubuhi. Sijui lori zima linagongwa kwa nini muda wote huo, na kama ni bovu, sijui kwa nini mnataka kusafiri nalo.

Mambo ya sabuni, blanketi, sala na kutowasahau ndugu, mama yako amekwisha kuyasema, tena nilimsikia akiyarudia. Mimi sitayagusa. Ninaandika kwa sababu jana ulinivuta kando ukaniuliza, "Tata, mbona unamtazama mgeni namna ile?" nikakujibu kwamba jua linanipiga machoni. Jua lilikuwa mgongoni kwangu. Nilikuwa namtazama mtu ambaye kesho atakuvusha mto Kagera pale Murongo na kukupeleka Kampala kwenye kazi ya matairi, na nilikuwa najiuliza anakuchukua kwa nia gani.

Unajua nilivyo. Mama yako akinipa maziwa nanusa kwanza, na ni maziwa ya ng'ombe wangu, yamekamuliwa mbele ya macho yangu. Mchuuzi akilisifu dume langu naanza kulichunguza miguu, nikidhani ameona ugonjwa ambao mimi sijauona. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Kwetu kushuku kulihesabiwa kuwa akili, na mtu asiyeshuku tulimwonea huruma. Sikuandikii kukuambia kwamba nimeacha. Hata barua hii nitaitia mwenyewe ndani ya mfuko wa koti lako, wala sitampa mtu akubebee.

Lakini tabia hii imenila pia, na sehemu kubwa huijui. Unajua kwamba zamani tulikuwa na kundi kubwa la ng'ombe, na kwamba ugonjwa uliwamaliza. Hujui kwamba kabla ya ugonjwa alikuja mtu wa mifugo na sindano zake, akatuomba tuwakusanye ng'ombe kwenye uwanda. Majirani wakakusanya. Mimi nikawaficha wangu bondeni, kwa sababu nilijiuliza: mtu asiyenijua, asiyekunywa maziwa yangu, anataka ng'ombe wangu wapone ili apate nini? Sikupata jibu, nikaona kukosa jibu ndilo jibu. Ng'ombe wa majirani walikohoa kidogo wakapona. Wangu niliwafukia hadi majembe yakaisha makali.

Ndipo nilipokwenda Kyerwa, kwenye machimbo ya bati. Ulikuwa wakati wa vita kubwa, wewe bado unatambaa. Nilichimba mpaka mgongo ukakataa, nikapata kazi kwenye karakana ya magari karibu na machimbo. Vita ilikuwa imekula matairi yote ya dunia. Mapya hayakupatikana, na mawe ya barabara zetu unayajua. Mwenye karakana akaanza kuyavisha matairi makuukuu mpira mpya. Mpira mbichi ulikuja umekunjwa, wenye rangi ya asali. Tuliupitisha katikati ya magogo mawili ya chuma yaliyokuwa yakizunguka, huku tukiutilia unga mweusi kidogo kidogo, mpaka asali yote ikapotea.

Unga huo ndio kazi yako, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ni masizi, Erasto. Ni masizi kama yale ya juu ya jiko la mama yako, ila haya yanatengenezwa makusudi huko ng'ambo kwa kuchoma mafuta, yanakusanywa, yanatiwa kwenye mifuko ya karatasi na kuletwa hadi huku. Mpira usiotiwa unga huo ni laini, unakwisha barabarani kama sabuni. Ukitiwa unakuwa mgumu, unastahimili mawe na mzigo. Bwana Klementi ananiambia kwamba rangi ya viatu ina unga huo huo, na rangi wanayopaka mapipa yasishike kutu, na hata wino wa kitabu chetu cha nyimbo. Tangu aniambie hivyo nakitazama kitabu cha nyimbo kwa jicho jingine.

Wenzangu waliotoka kwenye vijiji vya migomba waliuchukia unga ule siku ya kwanza. Ni mwepesi ajabu. Ukifungua mfuko vibaya unainuka wenyewe, unaingia puani, kwenye kope, chini ya kucha, na kamasi yako inatoka nyeusi hata siku usiyokwenda kazini. Mimi sikuuchukia. Umekua ukimwona mama yako akifukiza kyanzi, chombo chetu cha mti cha maziwa. Kila akishakiosha anakifunika juu ya moshi wa majani makavu, mpaka ndani kinakuwa cheusi na kinanukia. Kwetu weusi wa moshi ndani ya chombo ni usafi, na chombo cheupe ndani ndicho tunachokitilia shaka. Basi nilipouona unga ule niliupokea kama jamaa aliyetoka nyumbani. Katika karakana nzima, kitu pekee ambacho sikukishuku ni unga, na shaka yangu yote nikaimwaga juu ya mtu.

Mtu mwenyewe ni huyu aliye chini ya lori. Umesikia wazee wenzangu wakinitania kuhusu mambo ya Kyerwa, lakini hukujua kwamba mgeni wetu ndiye mwenyewe. Alitoka upande wa Muleba, Mkatoliki, mwenye stoo, shati limefungwa vifungo hadi kooni hata jua likiwa kali. Mlangoni mwa stoo aliweka ubao wa kanuni. Ukigusa unga, kitambaa puani na mdomoni. Usile wala kunywa humo ndani. Usifagie pakavu, nyunyiza maji kwanza. Usijipulize vumbi kwa pampu ya upepo. Nguo za kazi zibaki kazini, na kila mtu aoge kabla ya kwenda kwake. Na chini kabisa: mtu asiingie stoo peke yake, mwingine asimame mlangoni.

Sasa jiweke mahali petu. Sisi wote tulikuwa tumetoka machimboni. Machimboni jioni ulisimama mstari, ukavua shati, ukapekuliwa hadi nywele, kwa sababu kokoto za bati zinaibika kirahisi. Kwa hiyo Klementi aliposema tuvue nguo, tuziache, tuoge ndipo tutoke, nani angefikiria habari za ngozi na mapafu? Tulijua tunapekuliwa tena. Tukasema, kama mtu anatutafuta bati hata huku kwenye matairi, basi bati lipo. Na kama lipo, nani analo, kama si mwenye funguo? Kwa nini anajifunga uso? Kwa nini hali pamoja nasi, anakaa pembeni na ndizi zake, amenawa hadi viwiko kama anayekwenda kuchinja? Na kwa nini mtu asiingie stoo peke yake, kama si kwamba anaogopa tutaona kitu?

Kila jambo lilikaa mahali pake sawasawa. Hata mazuri yake yalikaa. Siku moja alimpa mwenzetu mmoja kitambaa chake mwenyewe, nikasema anamhonga.

Nikamwita mwizi mbele ya watu. Nilikuwa na mdomo siku zile. Nilisema, "Klementi, wewe unasafirisha bati la watu ndani ya mifuko ya masizi." Alinitazama, akajifuta mikono, akasema, "Mle mna unga tu, bwana." Akarudi kufagia, na alinyunyiza maji kwanza. Nikawageukia wenzangu nikasema, mnaona, hata kukasirika hajakasirika.

Siku yenyewe fundi alikuwa akichomelea bodi ya lori karibu na dirisha la stoo, na nadhani cheche iliruka ikaingia. Klementi aliingia, mwenzake amesimama mlangoni, akaigusa mifuko kwa nyuma ya kiganja, akatoka upesi, akafunga mlango kwa kufuli, akaandika kwa chaki: Usiingie. Akatuambia kuna mfuko unawaka.

Tulichungulia dirishani. Hapakuwa na mwali, hapakuwa na moshi, unga ulikuwa mweusi kama jana. Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Mimi, mtoto wa watu wanaofukiza vyombo kila siku ya Mungu, nisijue moto? Moto gani usio na moshi? Nikasema, "Huu ni moto wa Klementi, unaunguza macho ya watu tu ili wasione." Watu walicheka wakashika mbavu. Yeye akaenda kumtafuta mwenye karakana, wapate kuufungua mlango mkubwa wa nyuma na kuitoa mifuko nje. Alipopotea tu kwenye kona, nikachukua nyundo nikaling'oa kufuli.

Wenzangu hawakuingia. Walibaki uwanjani, kwa mbali, wakisubiri nitoke na mawe ya bati. Mle ndani palikuwa na uvuguvugu, na harufu kidogo tu ya karatasi. Nilianza kuibinyabinya mifuko nikitafuta kitu kigumu. Mmoja ulikuwa na joto kwa nje, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Nikafurahi, nikaukumbatia, nikaona ndio huo. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikaanguka nao. Nakumbuka wazo langu la mwisho vizuri sana: Klementi ameweka dawa humu, ameniroga. Nilikuwa nakufa, mwanangu, na bado namshuku mtu.

Nilizinduka kwenye nyasi, uso umelowa maji. Pembeni yangu alikuwa amelala Klementi, aliyenivuta nje, anatapika, kifungo cha shingoni kimekatika. Baadaye tulielezwa. Unga ule ukishika moto unaungua ndani kwa ndani, kama kaa lililofukiwa kwenye majivu, hauonyeshi chochote, na hewa inayotoka humo haina rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa hewa hiyo inatosha kumlaza mtu asiamke. Waliitoa mifuko taratibu, bila kuipiga kwa maji ya kishindo, maana vumbi lingetawanyika na moto wake, wakaiacha uwanjani. Iliungua hapo, sisi tukiitazama na kuona weusi tu, mpaka ikawa majivu.

Na mimi, kichwa bado kinauma, nilikwenda kuyachekecha majivu yale kwa vidole vyangu, nitafute bati. Ndiyo maana hadi leo wazee wakishakunywa pombe ya rubisi wananiita Bwana Majivu. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya mvi.

Klementi aliugua kuliko mimi. Alipopata nafuu akaondoka kwenda Kampala, na mimi nikarudi hapa Chonyonyo kwa mama yako na ng'ombe wetu wachache. Hatukuagana. Sikumshukuru. Nilijiambia ameniokoa ili asije akashitakiwa, na nikakaa na jibu hilo miaka yote hii, likanitosha.

Halafu wewe unarudi kutoka Igurwa, umejaa tope na furaha, unasema umemsaidia mtu kulikwamua lori, ni msimamizi wa karakana ya matairi, amekuuliza u mtoto wa nani, na ulipomtajia jina langu alinyamaza, kisha akasema atakupa kazi. Alinyamaza! Ulilipita neno hilo kama mtu anavyopita kisiki. Mimi nikajikwaa hapo. Nilimwambia mama yako, "Huyu amengoja muda mrefu. Sasa amempata mwanangu, atamtia kwenye stoo kama ile."

Mama yako alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua kichwa. "Baba Erasto, kama angetaka kisasi si angekuacha pale pale ulipolala? Ingemgharimu nini?"

Nikamwambia hajui watu.

"Namjua mmoja," akasema, "na ananitosha."

Juzi mgeni akafika. Uliona mwenyewe alivyoshuka, shati kooni, na mama yako akamtolea maziwa kwenye kyanzi kilichofukizwa asubuhi hiyo. Aliyatazama maziwa, akatazama mikono yake, akasema, "Yawekeni kwanza." Kwetu hakuna haja ya maneno mengi kuliko hayo. Anayeyakataa maziwa yako amekwisha kukuambia kilichomo moyoni mwake. Nikakichukua chombo nikayanywa mimi, yote, mbele yake, nikapangusa mdomo. Alinitazama kwa mshangao, nami nikasema kimoyomoyo: umeonekana leo.

Kumbe lori lile lilikuwa na mifuko ya unga, ameishusha kwenye karakana ya machimboni njiani akija. Akazunguka nyuma ya nyumba, akamwomba mama yako maji, akanawa hadi viwiko, akabadili shati, akarudi akakaa. Akawa anatazama huku na huku. Tukala ndizi na maharage, akala vizuri, akashukuru. Asubuhi yake, mama yako akiwa hapo, aliniuliza kwa upole kabisa, "Samahani bwana, yale maziwa yangu yaliishia wapi?" Mama yako ilimbidi akimbilie jikoni akacheke huko.

Basi jana, ulipowapeleka ng'ombe majini, nikamchukua hadi kwenye kibanja, katikati ya migomba, mbali na masikio, nikamuuliza kila kitu kama mtu anayenunua dume. Huko Kampala kuna maji ya kuogea, au kuna ubao tu unaosema muoge? Akasema maji yapo, ila sabuni huisha mapema na wakubwa huchelewa kuleta nyingine. Jibu hilo lilinipendeza, kwa sababu mwongo angesema sabuni imejaa tele. Mkaguzi wa serikali huja? Huja, anausoma ubao, anakunywa chai, anaondoka. Hauendei unga wenyewe? Hauendei, ana suruali nyeupe. Na unga huo unaua? Akasema hajui. Daktari mmoja alimwambia ni uchafu tu, ukioga umekwisha. Mwingine akamwambia vumbi lolote likikaa kifuani miaka mingi si jema.

"Wewe unamwamini nani?" nikamuuliza.

"Mimi nafunga kitambaa," akasema.

Ndipo nikauliza lile lililonikwama tangu wakati wa vita. "Siku ile uliponifuata ndani, nani alisimama mlangoni?"

Akaokota kijiti akaanza kukwangua udongo kwenye kiatu. Alikikwangua kiatu chote, soli na pembeni.

"Hapakuwa na mtu."

"Wenzangu walikuwapo uwanjani."

"Walikuwapo. Niliwaita. Walidhani nakimbilia kuficha mawe."

"Na kanuni yako?"

"Niliona mguu wako, bwana. Ningefanyaje?"

Erasto, nilishika mgomba uliokuwa karibu nami. Miaka yote nimejiuliza kwa nini aliingia, sikuwahi kujiuliza kwa nini wengine hawakuingia. Ni maneno yangu yaliyowaweka mbali. Mimi ndiye niliyewafundisha kucheka. Kama angeanguka mle pamoja nami, tungekufa wawili, na watu wazima wenye nguvu wangekuwa wamesimama kwenye jua wakisubiri kuona bati. Niliona aibu, na nikaona uchungu, na nikampenda mtu yule kwa namna ambayo sikuijua nifanyeje nayo. Nikamwambia asante. Akasema, "Haya." Ni mtu wa maneno machache, utaona, usidhani amekukasirikia. Tulirudi nyumbani tukizungumza habari za mnyauko wa migomba.

Usije ukadhani nakutuma uende ukaamini watu. Shuku, mwanangu, ila uliza. Ningemuuliza Klementi neno moja tu, "Kwa nini tunaoga?", angenieleza akiwa amesimama pale pale na ufagio wake. Sikumuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa tamu. Kadhalika yule mtu wa sindano. Nikikumbuka mambo yaliyoniumiza, naona mara zote nilikuwa na jibu kabla sijauliza.

Na ushuku zaidi kile kinachofanana na nyumbani. Unga ule utauona, utamkumbuka mama yako na kyanzi chake, utajisikia umezoea. Usizoee. Gusa mfuko kwa nje kabla hujaubeba, na ukiwa wa moto usiufungue uone kuna nini. Toka, ita watu. Ushuku ubao ulioandikwa vizuri mahali pasipo na sabuni. Mshuku atakayekucheka kwa kufunga kitambaa, hata akiwa rafiki, hata akiwa mzee wa kazi. Nakushuku hata wewe. Najua kitambaa utakifunga Klementi akiwapo, akigeuka utakishusha kidevuni kwa sababu ya joto. Mama yako amekushonea vya kubadilisha. Uvifue mwenyewe, usimpe mtu.

Huyu naye bado namshuku kwa jambo moja. Asubuhi nimemsikia akikohoa nyuma ya zizi, kikohozi kirefu cha mtu anayejitahidi asisikike. Nilipomuuliza akasema ni tumbaku. Tangu afike sijamwona na tumbaku.

Kwa hiyo nina ombi, na hili nataka ulishike kuliko mengine yote. Klementi anazifuata kanuni zake kila siku, hata hapa kwetu anazifuata, umeona. Lakini siku mtu akianguka ndani ataivunja ile ya mwisho tena, ataingia, kwa sababu atauona mguu. Namjua sasa. Basi kila akielekea stoo, wewe acha ulichoshika. Hata kama mmegombana. Hata kama watu wamekuambia ni mwizi, na watakuambia, maana bado anafunga vifungo hadi kooni na bado anakula peke yake. Usiingie nyuma yake mkaanguka wote. Kaa penye hewa, umwone, mlango uwe wazi, na uwe umeelewana na wenzako mapema kwamba ukipiga kelele wanakuja, hawasimami kucheka.

Kugonga kumekoma. Ametoka chini ya lori, anajipangusa, anatazama huku. Bila shaka anajiuliza naandika nini juu yake. Mwache na yeye ashuku kidogo.

Kesho asubuhi mama yako atafukiza kyanzi. Utakunywa wewe, halafu atakunywa Klementi, na safari hii nitangoja anawe. Siwezi kumlipa mtu yule, na sijui kusema maneno mazuri uso kwa uso. Jana yalinitoka machache, yakaisha. Lakini siku ile, kwa mdomo wangu, nilimnyima mtu wa mlangoni. Sasa nampelekea wewe.

Ni mimi baba yako,
Bwana Majivu wa Chonyonyo